Sura Moja Tu

Benchi lenyewe ni ubao juu ya matofali manne, mbele ya kibanda cha Fundi Kufuli, na linatazamana na maktaba ya chuo. Hapo hukutana kila asubuhi watu watatu na birika moja la kahawa: Fundi mwenyewe, Mtaalamu wa fotokopi ambaye hakuna jambo asilolijua, na Brekidauni, dereva mstaafu. Tangu maktaba ifungwe, wiki ya sita sasa, mada ni hiyo hiyo, na Fundi huwaacha waseme. Kwa miaka mitatu, kila Alhamisi, alikuwa akivuka barabara, akipanda ghorofa ya pili na kuketi na tasnifu ya marehemu mkewe. Alisoma ukurasa mmoja tu, ule wa shukrani, wenye jina lake. Nakala ya nyumbani shemeji zake waliibeba pamoja na vitabu vingine vya marehemu baada ya msiba, naye hakuwa na moyo wa kuidai. Siku hizi Alhamisi haziishi.

— Eti paa linavuja, alisema Brekidauni. Linavuja nini na mvua hakuna?

— Paa ni danganya toto, alijibu Mtaalamu. Vitabu vimeliwa na mchwa. Wanangoja vipya.

— Mchwa wamalize ghorofa nne?

— Wale mchwa wa chuoni, bwana. Wamesoma.

— Mimi naona jengo linazama. Ndiyo maana wanalipunguzia mzigo.

— Nani kakwambia?

— Nimeendesha lori miaka thelathini. Mzigo uliozidi naujua kwa macho.

— Basi nikupe ya ndani kabisa. Mle hamna kitabu hata kimoja, tangu zamani. Watu wanaingia, wanasinzia, wanatoka.

— Fundi si alikuwa anaingia? Fundi, mna kitu mle?

— Mna, alisema Fundi.

— Sasa si ukatufungulie? Kazi yako hiyo.

Wakacheka. Fundi naye akacheka kidogo, ili kuwaridhisha. Kufuli la lango la maktaba alilifunga yeye mwenyewe, kwa mikono yake, na siku ile alidhani ni la wiki moja.

Akaja binti mmoja wa chuo kuchongesha ufunguo wa chumba chake.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Kaa hapo, dakika kumi tu.

Aliketi, akawasikiliza, halafu akatabasamu.

— Lakini wazee wangu, lililofungwa ni jengo. Vitabu bado vinapatikana. Unaomba kwa simu, wahudumu wanakutolea rafuni, unachukulia dirisha la nyuma.

Tupa iliyokuwa ikichonga ufunguo ilisimama mkononi mwa Fundi.

— Na tasnifu?

— Hizo hazitoki nje. Wanapiga picha sura moja, wanakutumia. Moja tu. Nikuombee, baba? Kadi ninayo.

— Ningeshukuru. Ni ya mke wangu. Marehemu.

— Pole sana, baba. Aliandika kuhusu nini?

Brekidauni alimtazama Mtaalamu. Mtaalamu, kwa mara ya kwanza tangu benchi liwepo, akatazama kikombe chake. Fundi aliiweka tupa chini. Miaka mitatu hakuwahi kufunua ukurasa wa pili. Na ile miaka minne mkewe alipokuwa akiandika, hakuwahi kumuuliza. Mkewe alikuwa akirudi na chupa za maji ya visima, anazipanga dirishani, kila moja na kikaratasi chake. Fundi alimwambia aziondoe, zinaziba mwanga. Hakusema lingine. Mwenzake akazihamishia chini ya meza, akaendelea kuandika peke yake. Aibu ilimpanda Fundi mpaka masikioni, na upweke aliouzoea ukageuka, ukawa wa mkewe.

— Sijui, mwanangu, alisema.

— Si neno. Nipe jina lake tu.

Alilitaja polepole, majina yote matatu. Binti aliandika kwenye simu, akangoja, akasogeza kidole.

— Hii hapa. Ina sura tano, na shukrani mwanzoni. Tuombe ipi?

Neno shukrani lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Fundi akalimeza. Alifuta mikono kwa kitambaa, akaja kuketi karibu na binti.

— Angalia ile yenye chupa za maji, alisema. Omba hiyo.