Daku ya Zuleica

Chapa, basi dogo la abiria, ilikuwa haijafika mbali na Palma, na tayari Bwana Twalha, mchuuzi wa vitenge kutoka Mtwara, alikwisha kumpekua Wahida kwa maswali hadi uvunguni. Alijua kwamba anapika kwenye kambi ya gesi Afungi, na kwamba bintiye Zuleica analelewa Olumbi na jirani Mmakonde, Dona Filomena, Mkatoliki.

“Na kuku, mwanangu, anachinja nani?”

“Dona Filomena humpeleka kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, baba. Mwenyewe hachinji.”

“Kuku ni jambo dogo. Mtoto humfuata anayemlea.”

Abiria wa nyuma walijifanya wamelala, kazi ngumu kwenye barabara ile.

“Ramadhani hii iliyokwisha Zuleica amefunga mara ya kwanza,” Wahida alisema. “Dona Filomena alikuwa akimwamsha ale daku, na yeye anakula naye, mtoto asijione yuko peke yake.”

Sauti ya Bwana Twalha ikashuka.

“Na wewe huko kambini, daku ulikuwa ukila na nani?”

Chapa ikasimama Olumbi. Wahida akainama kutafuta kandambili ambazo tayari alikuwa amezivaa.