Kocha Masha na Fainali ya Ramadhani

Baada ya miaka ishirini na saba ya kufundisha mpira wa kikapu chuoni kwetu, Kocha Lennox Masha atastaafu rasmi tarehe 28 Novemba 2025.

Alianza na mipira mitatu, mmoja ukivuja, na uwanja wa saruji uliogeuka dimbwi kila mvua iliponyesha. Anaacha vikombe sita, na wasichana wengi ambao leo ni wauguzi, walimu na makarani wa bandari. Kila Jumamosi aliwakimbiza hadi ufukweni Mama Ngina kunakouzwa mihogo, na sheria ilikuwa moja: hakuna kugusa mihogo mpaka wa mwisho afike. Aliyeivunja mara nyingi ni yeye mwenyewe.

Wachezaji wake humtania kwa fainali ya Ramadhani ya 2019. Nasiha, mchezaji wetu bora, alikaa benchi mchezo mzima kwa kuwa alikuwa kwenye saumu, nasi tukashindwa kwa pointi moja. Alimwambia mbele ya wenzake, "Ungeniuliza kwanza, Kocha."

Naye akajibu, "Kosa ni langu, mwanangu."

Tangu siku hiyo wakamwita Kocha Huruma. Nasiha hakumsemesha muhula mzima. Baadaye walipatana, na mwaka 2021 Nasiha akafariki, Mungu amrehemu.

Juzi, kwenye chai ya kumuaga, Sheryl, aliyekuwa nahodha mwaka ule, alimuuliza kama kombe lile bado analiota. Watu wakacheka. Kocha naye akacheka.

Lakini uamuzi ule haukuwa wake. Asubuhi ya fainali, Mejumaa wa maktaba, ambaye ni mama yake Nasiha na pia mwandishi wa wasifu huu, alimfuata nyumbani kwake Bondeni. Binti alikuwa ametoka kuugua homa na amekataa kufungua saumu. Mama alimwomba Kocha asimchezeshe, wala asimwambie ni nani aliyeomba. Kocha alikubali shingo upande. Siri hiyo ameitunza miaka sita, hata siku ya mazishi, alipoketi barazani na fulana namba nane ya Nasiha mapajani, imekunjwa vizuri.

Mama alikuwa na miaka miwili ya kumwambia bintiye ukweli. Kila siku aliona bado kuna kesho.

Lawama ile haikuwa ya Kocha, na asistaafu nayo.

Asante, Kocha Masha, kwa miaka yote uliyotupa. Tunakuombea afya na siku nyingi za raha kwako Ganze. Nami, niwie radhi.