Japheth Mwanyasi Hakuugua kwa Muda Mfupi

Marehemu Japheth Mwanyasi alizaliwa tarehe 3 Agosti 1968 huko Werugha, Taita, mtoto wa kwanza wa Mwalimu Elijah na Mama Mkawasi, ambao wote wametangulia. Alikuwa mtoto mwenye kinyaa. Maziwa yakipata utando, hanywi. Akikuta unywele kwenye ugali, chakula cha siku hiyo kimekwisha. Mama yake alikuwa akimwambia, "Wewe Japheth, dunia itakufundisha." Ilimfundisha, tena ikapita kiasi.

Alisoma shule ya msingi Werugha, kisha sekondari Mwatate, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1986. Huko ndiko sauti yake ilikoshuka ikawa besi, na kwaya zikaanza kumgombania.

Tarehe 13 Desemba 1997 alifunga ndoa na Jane Wakesho, Wundanyi. Walihamia London mwaka 2001 na kukaa Peckham, wakabarikiwa Tevin na Tatiana. Japheth alisafisha ofisi miaka mitatu, halafu akawa dereva wa basi mpaka mwisho. Hakunywa maji kazini, kwa sababu vyoo vya kituo cha mwisho vilimtia kichefuchefu. Ni abiria wachache sana walioshuka basi lake kwa hasira, na wengi walimjua kwa kuimba kwenye taa nyekundu.

Sasa ugonjwa. Rasimu ya kwanza ya programu hii ya mazishi iliandikwa kwamba marehemu "aliugua kwa muda mfupi". Jane aliifuta kwa kalamu mpaka karatasi ikachanika. Ni miaka kumi na mmoja. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Japheth hakuficha. Tuliotaka kuficha ni sisi, na inachukiza.

Jiwe la kwanza la figo lilimshika Edgware Road, Mei 2013. Alisimamisha basi vizuri kituoni, akafungua milango, akawaomba abiria radhi, ndipo akatapika ndani ya kontena lake la chakula. Mwenzake wa kazini, Gurmit, ndiye aliyempeleka hospitali siku ile, na mara tatu nyingine baadaye, bila kumpa ushauri wowote. Ashukuriwe.

Wengine tulikuwa na ushauri. Tulimletea nywele za mahindi zilizochemshwa, limau na mafuta ya zeituni, juisi ya miwa, na kitu fulani cha kijani ambacho mpaka leo hakuna anayekiri kukileta. Alikunywa vyote huku amefumba macho. Mawe yakaendelea: mawili, matatu, saba. Kila alipolalamika aliambiwa, "Kunywa maji, Baba Tevin," kana kwamba mtu amejitakia. Alikunywa hadi akayachukia maji yenyewe.

Hospitali walimwagiza akojoe kwenye kichungi, ili jiwe likitoka lipelekwe maabara. Alinunua kichungi cha chai, akakiosha kila mara kwa sabuni na kukianika kando ya sinki, kwa kuwa alikuwa msafi. Jumapili moja mwezi Juni 2024 kikundi cha maombi kilikuja kumwona. Akina mama wakaingia jikoni kupika chai. Japheth alitoka chumbani polepole, akaiona meza.

"Hicho kichungi mmekitoa wapi?"

"Kando ya sinki, Baba Tevin. Kilikuwa safi kabisa."

"Hicho ni cha mkojo."

Mzee Séraphin, kiongozi wetu wa besi kwayani, mtu wa Bukavu, aliangalia kikombe chake. "Miye nilishakunywa vikombe mbili," alisema. Tevin akasema, "Dad, that's disgusting," na Japheth akacheka mpaka akajishika ubavu. Wageni wawili hawakurudi tena nyumbani mwake. Leo wamekuja na mashada.

Siku nne baadaye kichungi hicho hicho kilinasa jiwe la saba. Maabara walilichunguza, daktari mmoja kijana akapima kalsiamu kwenye damu, jambo ambalo lilikuwa halijafanyika miaka yote hiyo. Ilikuwa juu mno. Shingoni mna tezi nne ndogo kama punje za mchele, nazo ndizo zinazopima kalsiamu mwilini. Moja ya Japheth ilikuwa imekua kama karanga, na ndiyo iliyokuwa ikimtengenezea mawe. Dawa yake ilikuwa kuikata.

Alipangiwa upasuaji Jumanne tarehe 12 Novemba 2024. Aliambiwa kwamba mara chache sana mshipa wa sauti huguswa. Akakubali, akaandaa begi. Jumapili iliyotangulia mtu mmoja, ambaye jina lake linasitiriwa kwa sababu yuko hapa na ameishika programu hii, alimvuta pembeni baada ya ibada: "Ndugu yangu, nilimjua mtu alikatwa shingo hivyo, akatoka anaongea kama jogoo mgonjwa." Mtu huyo hakuwahi kuwepo. Tumeuliza.

Japheth alipiga simu akaahirisha. "Mghoi," alimwambia dada yake mdogo, anayesoma wasifu huu, "niko sawa. Nisipoimba nitakuwa nani?" Dada hakumjibu. Hilo nalo linachukiza, na anayechukizwa nalo ni yeye mwenyewe.

Januari alibadili nia. Akapewa tarehe 11 Machi 2025, akaacha kumsikiliza mtu. Tarehe 25 Februari jiwe la nane liliziba njia ya mkojo, maambukizi yakaingia kwenye damu, na alfajiri ya Alhamisi tarehe 27 Februari akafariki, Jane akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka hamsini na sita.

Ameacha mke, Jane. Watoto, Tevin na Tatiana. Na dada, Mghoi. Madaktari walisema ugonjwa wa tezi hizi unaweza kutembea kwenye damu ya ukoo, tupimwe sote. Tatiana amepimwa, yuko salama. Mghoi amepimwa, kalsiamu yake iko juu, na tarehe 22 Aprili anaonana na daktari wa upasuaji. Tevin hajapimwa. Kila akiulizwa hujibu, "I'm fine, Auntie." Jumatatu saa tatu asubuhi shangazi yake atakuwa mlangoni pake.

Japheth apumzike kwa amani. Tevin asipumzike mpaka apimwe.