Komeo Lilikuwa Nje

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, ndugu zetu mlionusurika, wageni waalikwa, na nyinyi shemeji zangu mliokaa karibu na njia ya kutokea kwa kuwa mnazijua hotuba zangu: tulieni, leo sina maneno mengi.

Mimi ni seremala, na fundi wa kunifikia mji huu haujamzaa. Mlango huo ulioegemezwa ukutani niliutengeneza mimi, ulikuwa wa darasa la tano hapa shuleni. Mwaka ule wa mauaji ya kimbari, jirani zetu sitini na wawili walifungiwa nyuma yake wakachomwa moto. Kosa lao? Kuzaliwa ukoo waliozaliwa.

Miaka ikapita, akatokea bwana mmoja na kitabu chake. Ati walijifungia wenyewe, wakawa wanapika, moto ukawashinda. Ajali! Na kibao cha kumbukumbu kikawa karibu kuandikwa hivyo hivyo. Tume ikaundwa, nikaitwa kutoa ushahidi. Ndugu zangu, niliharibu. Nilisema waliokufa ni elfu mbili. Nilisema nilipambana na wauaji ishirini kwa randa yangu. Wakili wa yule bwana akaniuliza, "Mzee, hiyo randa ilikuwa na injini?" Ukumbi ukaangua kicheko. Kesho yake gazetini: mashahidi wao ndio hawa.

Mpwa wangu huyu, mwalimu wa historia, aliyekusanya majina ya marehemu nyumba kwa nyumba, alinifuata karakana. Hata kiti alikikataa.

"Mjomba, ukitia chumvi harusini tunacheka. Hii umewatilia marehemu. Uliona nini?"

Nikasema kweli. Sikupigana na mtu. Nilikuwa stoo ya jirani na darasa hilo, nilikokuwa nikitengenezea madawati, nimejifukia kwenye maranda ya mbao, nikasikia wanapiga komeo.

"Komeo la ndani au la nje?"

"La nje! Darasa gani lina komeo la ndani? Watoto si wangejifungia siku ya mtihani?"

Hapo ndipo alipokaa. "Na mlango uko wapi?"

Ulikuwa stoo, umelazwa na kupangwa madaftari juu yake. Tukaugeuza: upande wa ndani makaa matupu, upande wa nje komeo langu, limeshikwa na skrubu tatu. Mafundi wengine hutia nne. Mimi ya nne huwa naweka mfukoni, leo nimekiri.

Nikarudi mbele ya tume. Nilisema sentensi tatu nikakaa, na sijawahi kuchoka vile. Wakili aliutazama mlango, hakucheka.

Leo kibao kimeandikwa: waliuawa. Mniamini msiniamini, mzigo umeshuka mabegani mwangu hata mke wangu anasema nimerefuka.

Mkitoka, piteni mguse hilo komeo. Mkiulizwa huko, semeni lilikuwa nje, na walikuwa sitini na wawili. Msipunguze hata mmoja. Na msiongeze, nawaomba mimi niliyewahi kuongeza.

Shemeji zangu, hamkutoka! Nawashukuru nyote kwa kunivumilia hadi mwisho.