Bustani Iliyoshiba Kabla ya Mvua

Mimi ndiye mwenye birika la kahawa, na benchi ni langu. Anayekaa bila kununua kikombe namwinua, sina aibu. Mbele yetu, kando ya barabara, kuna bustani ya kuchuja maji ya mvua: shimo lililojazwa mchanga na udongo, likapandwa majani. Maji ya mtaroni huja na mbolea na uchafu wa mtaa mzima. Yakipita humo, majani yanakula ile mbolea, kisha maji yanatoka kwa bomba hadi bwawani, na bwawani ndiko wifi yangu anakofuga samaki. Asubuhi ile alikuja amefura.

— Jana nimezika vikapu viwili vya samaki! Kila mvua ikinyesha, ukoga wa kijani unazidi majini, samaki wanakosa hewa. Wakifa waliobaki, ufugaji basi.

Mhandisi akaweka kikombe chini. Ni fundi cherehani. Siku moja aliwashikia wapimaji kamba, jina likamganda.

— Najua tatizo. Mchanga umewekwa kinyume.

— Mchanga una upande? akauliza Wembe, kinyozi wetu.

— Kila kitu kina upande. Hata shati.

— Acha hizo! Kosa ni sifa. Kila apitaye: "Lo, majani mazuri!" Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Yamevimba kichwa, kazi hayafanyi.

— Majani yana kichwa?

— Kama mchanga una upande!

Nilicheka mpaka nikamwaga kahawa. Nikainuka, nikakung'uta machicha ya kahawa bustanini kama kila siku, nikarudi kuwamiminia.

— Basi ni vyura, akasema Mhandisi. Wanakunywa maji safi, wanamwachia shemeji huyu machafu.

— Vyura wangapi wamalize mvua nzima?

— Haba na haba, bwana!

— Nyie mnacheza, akasema wifi, mimi nazika.

Nilimwonea huruma, kweli.

— Wifi, hii bustani tunaitunza kama mtoto mchanga. Sijui inatukosea nini.

Ndipo akaja mama mmoja mgeni, mpimaji wa maji, ameshika chupa mbili.

— Haya nimeyakinga yakiingia, haya yakitoka. Yanayotoka yana mbolea nyingi kuliko yanayoingia, nayo ndiyo inayootesha ukoga.

Akayatazama majani, yamempita urefu.

— Samahani jamani. Nani anayalisha haya?

Wembe akausukuma kwa kisigino mfuko wa samadi ya kuku, ukaingia uvunguni mwa benchi. Mhandisi, ambaye kila Jumatatu huyanyunyizia mbolea ya dukani "yapate nguvu", akaanza kuchunguza kikombe chake. Wifi akatutazama mmoja mmoja, akafika kwangu. Kopo la machicha lilikuwa bado mkononi.

— Wifi... nikaanza.

— Usiniite wifi!

— Mkiacha leo, akasema yule mama, yatashikwa na njaa, yatakula mbolea iliyomo kwenye maji ya mvua. Samaki waliobaki watapona.

Aibu ilinishika hadi masikioni. Birikani kulibaki kikombe kimoja tu, nikampa wifi. Akanywa taratibu, kicheko kikamtoka bila kupenda, akanirudishia kikombe na machicha yake chini.

— Haya. Na haya utayamwaga wapi?

Mhandisi akafungua mdomo. Wembe, wifi na mimi tukamwambia anyamaze.