Soksi Ndefu za Baba Valerie

Benchi letu liko mbele ya duka la kufulia nguo, St. James Town, huku ughaibuni, na kila Jumamosi asubuhi tunaligombania tukiwa na chupa moja ya kahawa. Jumamosi iliyopita Polycarp, ambaye wote tunamwita Baba Valerie, alifika amevaa kaptura ya kahawia na soksi nyeupe zilizofika magotini. Siku iliyofuata, wazazi wa Shaun, mchumba wa bintiye, walitarajiwa kutoka Adelaide, naye alikuwa ameamua kuwapokea kwa mitindo ya ujana wao: Australia ya miaka ya sabini. Hofu yake ilikuwa moja, na aliitamka wazi: wasije wakamwona mshamba, Valerie akaaibika.

— Haya, mnaonaje? aliuliza, akijizungusha.

— Umekuwa askari wa mkoloni! alisema Kirimi, ambaye kwa kupakia mizigo ya ndege kule Malton tunamwita Kago.

— Wacha zako. Wakubwa wa ofisi kule walivaa hivi. Nimeona picha.

— Picha ngapi? nilimwuliza.

— Moja.

— Basi imethibitisha mtu mmoja.

— Wakili, wacha kesi, alinidakia Kangethe, aitwaye Rimoti kwa kuwa hakuna mada asiyoibadilisha. Chanzo ni televisheni. Ya rangi iliingia huko mwaka wa sabini na tano. Basi nchi nzima ikavaa rangi ya machungwa, kupima kama seti ni nzima!

— Mwaka naukubali. Machungwa, lete shahidi.

— Na kaptura ni kwa sababu ya kangaruu, alisema Kago. Akiona suruali ndefu anadhani ni kangaruu mwenzake. Ngumi! Jamaa wa zamu yangu ana binamu Perth.

— Binamu alipigwa?

— Angepigwaje, na alivaa kaptura?

— Mficha uchi hazai! alihitimisha Rimoti, akilipigapiga goti la Baba Valerie.

Nilieleza kwamba methali hiyo humhusu anayeificha shida yake, wala haikutungiwa kaptura. Nilishindwa kwa kura.

— Na chakula? aliuliza Kago.

— Soseji za kuchoma na mkate mweupe. Mke wangu Bosibori nimemkataza kupika ndizi za matoke na mboga za chinsaga. Sitaki aibu.

Zebunissa, jirani yetu wa ghorofa ya kumi na tano, alikuwa ametoka na kapu la nguo akasimama kusikiliza.

— Samahani, Baba Valerie. Wakwe wanasafiri karibu siku nzima. Kwani kwao Australia imekwisha, hata waje kuitafuta kwako?

Mimi, ambaye sikosi swali la nyongeza, nilimmiminia Zebunissa kahawa.

Baba Valerie alitoa simu.

— Bosibori, zile ndizi bado zipo?... Pika. Pika zote. Na chinsaga.

Nyuma ya sauti ya mkewe tulimsikia Valerie akipiga vigelegele. Ulikuwa ushahidi wa kusikia, tena kwa simu. Niliupokea bila pingamizi.