Siku Kumi na Tisa Chini ya Mtungi

Mheshimiwa Meya Grieser, Mchungaji wetu, uliyetufungulia ukumbi huu wa kanisa, Mwalimu Mkuu, pamoja na wanafunzi wako kumi na mmoja wa mwaka wa mwisho, Bwana Merle Stuckey tunayemuaga leo, na mkeo Mama Ardith, ndugu wateja, mliotuletea karatasi zenu kwenye maboksi ya viatu kwa miaka arobaini, wageni waalikwa, na wewe Brenna Beck, ambaye nimekuweka mwisho kwenye salamu kwa sababu mahali pengine pote umeshakuwa wa kwanza. Habari za mchana.

Mimi ni Roselyn Nofziger. Wengi mnanifahamu kwa sauti tu, kwa sababu ndimi ninayewapigia simu kila Machi kuwauliza zile karatasi za kodi ziko wapi. Nimefanya kazi kwenye ofisi ya uhasibu ya Bwana Stuckey miaka ishirini na mbili. Leo anastaafu, na funguo za ofisi anamkabidhi Brenna, mwenye umri wa miaka ishirini na minne. Mimi nina hamsini na tatu. Nimepewa mambo mawili ya kufanya kabla tambi za kuku hazijapoa: nimsifu Brenna, na niwaeleze hawa vijana namna mtu anavyoingia kwenye kazi ya uhasibu akimaliza shule. Nitayafanya yote mawili. Lakini nisiwadanganye, nina wivu. Nimeamka nao, nimeupigia pasi pamoja na gauni hili, na nimekuja nao hapa.

Vijana, sikilizeni. Ukimaliza shule unaweza kwenda chuo cha kaunti miaka miwili, ukatoka na cheti, ukatunza vitabu vya hesabu vya watu. Ni kazi ya heshima na inalisha. Lakini hutatia saini kama mhasibu mwenye leseni, na kwa sheria ya jimbo letu ofisi kama yetu haiwezi kubaki mikononi mwa mtu asiye na leseni. Ukiitaka leseni, unahitaji shahada ya miaka minne, na mitihani minne, na kila mtihani alama sabini na tano. Msiogope kwamba hesabu za darasani zinawashinda. Brenna alipata alama ya wastani kwenye aljebra, na Mwalimu Mkuu yupo hapa, ananikunjia uso, ila anajua nasema kweli.

Wakati wangu shahada haikutosha. Shahada ni saa mia na ishirini za masomo, yaani saa za darasani za wiki moja zikijumlishwa muhula kwa muhula, na wao walitaka mia na hamsini. Hizo thelathini za nyongeza, hakuna aliyejali ni za somo gani. Ndiyo, Mheshimiwa Meya, unacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kwa hiyo mimi, mama wa watoto wawili, Jumamosi asubuhi nilikwenda chuo cha kaunti nikasomea mchezo wa boling, kuvingirisha tufe na kuangusha pini. Nikasomea maua ya porini. Nikasomea ufinyanzi, na kutoka darasa hilo nilipata mtungi mmoja, umepinda kama mtu mwenye jino bovu, ambao unakaa juu ya meza yangu na kubeba kalamu mpaka leo. Ukumbukeni huo mtungi.

Baada ya saa zote hizo nikaingia kwenye mitihani. Mitatu nikaifaulu. Wa nne, ule wa ukaguzi wa hesabu, nikapata sabini na nne. Je, mnajua sabini na nne ni nini? Ni mtu kukuonyesha nyumba yako kupitia dirishani. Nilimwonyesha Bwana Stuckey ile barua, akaisoma, akavua miwani. "Moja tu, Rose," akasema. "Rudi tena." Nikarudi, nikapata sabini na mbili. Na enzi hizo mtihani uliofaulu uliishi miezi kumi na minane tu, ukipita huo muda kabla hujamaliza yote, unafutwa. Ule wa kwanza ukafutwa nikiwa bado nahangaika na wa nne. Nikaurudia wa kwanza, wa pili nao ukafutwa. Mwishowe mume wangu akaniambia, "Rose, mama, kaa chini ule." Nikakaa chini. Sikusimama tena kwa miaka kumi na minne.

Katikati ya miaka hiyo akaja Brenna. Alikuwa amemaliza shule Ijumaa, Jumatatu yuko mlangoni kwetu anatafuna ubani, amekuja kupokea simu. Bwana Stuckey akanitupia mimi nimfundishe. Wiki ya pili akaniuliza, "Dada Rose, hivi debiti inakaa upande gani? Mimi nachanganya kila mara." Meza yetu, dirisha liko kushoto na mlango uko kulia. Nikamwambia, "Debiti upande wa dirisha, krediti upande wa mlango. Ukipotea, tazama nje." Basi ikawa ndiyo lugha ya ofisi. "Hii ipeleke dirishani." "Hiyo imekaa mlangoni kimakosa." Miaka miwili chuo cha kaunti, kisha shahada kwa kompyuta huku anapokea simu zenu, na kila kilichomkwamisha alikileta kwangu, nami nikamfundisha vizuri. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ningemfundisha vibaya, leo ningekuwa na raha.

Mitihani minne akaimaliza kwa miezi kumi na mmoja, mara ya kwanza, bila kurudia hata mmoja. Ule wa ukaguzi alipata tisini na moja. Alinijia akilia. "Dada Rose, kile chumba cha mtihani hakina dirisha. Nikafumba macho nikaliona la kwetu." Nikamkumbatia. Kwa mikono nilimkumbatia, jamani, lakini moyoni nilikuwa nahesabu: tisini na moja kutoa sabini na nne.

Nikajipoza kwamba bado anadaiwa zile saa thelathini. Nikamngoja kwenye tufe na pini. Halafu Januari mwaka huu sheria ikabadilika. Sasa mwenye shahada anaweza kufanya kazi miaka miwili chini ya mhasibu mwenye leseni, badala ya zile saa, na leseni akapata. Bwana Stuckey alisoma habari hiyo kwa sauti, mguu juu ya kiti. "Brenna, bibie, wewe umeshamaliza." Brenna akaja kwangu mbio. "Dada Rose, kwa hiyo siendi kufinyanga?" Nikamjibu, "Huendi." Neno hilo moja lilinichukua nguvu nyingi kuliko msimu mzima wa kodi.

Kilichobaki kilikuwa fomu moja, Bwana Stuckey athibitishe kwa saini kwamba Brenna alifanya kazi chini yake. Na kila karatasi inayokwenda kwa Bwana Stuckey hupita kwangu. Brenna akaileta imejazwa vizuri. Nikasema, "Iache." Nikainyanyua, nikaiweka chini ya mtungi.

Wageni waalikwa, sikuisahau. Ningependa kuwaambia niliisahau. Kila asubuhi nilichomoa kalamu kwenye mtungi ule nikijua kilicho chini yake. Na nilijua zaidi ya hapo. Nilijua ofisi kubwa ya mjini ilitaka kutununua, nilijua Bwana Stuckey aliwaambia wangoje hadi mwisho wa Machi, na kwamba leseni ya Brenna isipofika, watainunua, wataifunga, na ninyi mtapeleka maboksi yenu ya viatu mwendo wa saa nzima. Na mimi mwenyewe ningekosa kazi. Kumbe wivu haujui hata kujitunza wenyewe. Siku moja, siku tano, siku kumi na tisa.

Brenna, kaa. Sijamaliza.

Siku ya kumi na tisa akaja na fomu nyingine mkononi, mpya, ameijaza upya yote. Akasema polepole, "Dada Rose, bodi ya leseni kimya. Nafikiri ile ya kwanza niliijaza vibaya, unanijua nilivyo na haraka. Nimeandika nyingine. Ukipata nafasi." Akaondoka kwenda kupokea simu. Nikabaki nimeshika kosa langu ambalo mtu mwingine amejitwisha. Nikainua mtungi, nikachukua ile ya kwanza, nikaipeleka kwa Bwana Stuckey kwa miguu yangu.

Akaitazama. "Rose, hii ina duara hapa katikati."

"Kahawa," nikasema.

"Wewe hunywi kahawa."

Nikamsogezea kalamu. Akatia saini, akapuliza wino, akanirudishia. Fomu ikaenda kwenye bodi ya jimbo na duara la mtungi wangu juu yake, na leseni ikaja Machi tarehe ishirini na sita. Bwana Stuckey, hukuniuliza tena mpaka leo. Asante kwa hilo.

Nilikusudia kuishia hapo, niungame, niombe radhi mbele yenu, niketi. Lakini Jumatatu iliyopita nilifika ofisini, nikanyanyua kalamu, mtungi ukayumba. Chini yake kulikuwa na karatasi. Ni fomu ya kujiandikisha kwa mitihani, jina langu limeshaandikwa juu, kwa mwandiko wa Brenna, na kikaratasi kimebandikwa: "Sasa mtihani unaishi miezi thelathini, Dada Rose, si kumi na minane. Na zile saa zako mia na hamsini hazijaenda popote."

Nikaenda kwake. Nikamuuliza, "Ulijua?"

Akaendelea kupanga barua. "Nafuta vumbi kila Ijumaa, Dada Rose. Nani mwingine anauinua huo mtungi wako mbaya?"

"Sasa ile fomu ya pili?"

"Nilitaka uitoe mwenyewe."

Mmesikia? Aliiona, akaipangusia vumbi, akairudisha mahali pake. Angeweza kunishtaki kwa Bwana Stuckey, na angekuwa na haki. Badala yake akajisingizia ujinga ili mimi nipate mlango wa kutokea. Nilikuwa nimezoea kumwonea wivu kwa alama zake na umri wake. Sasa imenibidi nimwonee wivu kwa ungwana wake pia, na huo nilidhani angalau ni wangu.

Kwa hiyo, Brenna, nisamehe. Nasema mbele ya Meya na Mchungaji ili nisije nikakanusha. Lakini usidhani wivu umekwisha. Fomu nimeijaza. Tarehe kumi na nne Septemba naanza na ule wa ukaguzi wa hesabu, maana huyo ndiye mwenye deni langu. Asubuhi ya leo, kabla hujafika, nilipima kwa rula kioo cha mlango wa ofisi. Chini ya jina lako kuna nafasi ya inchi sita. Usiweke kitu hapo.

Vijana kumi na mmoja, njia mmezisikia. Ile ya tufe na pini bado ipo, kwa anayependa. Bwana Stuckey, pumzika vizuri, na Mama Ardith akuvumilie ukiwa nyumbani mchana kutwa. Na ninyi nyote mlioniazima masikio yenu huku chakula kinapoa, nawashukuru sana. Kuleni sasa. Brenna, wewe pakua kwanza, umezoea.